Betri za Kigari cha Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa kushuku, na sisemi hivyo kwa kujuta. Nililelewa kwenye nyumba ya wake wengi, ambako mtoto hunusa mboga kabla ya kuila, na nilipoolewa Ndandalo nilikwenda na pua yangu. Kwa hiyo siku mume wangu aliporudi kutoka Malawi na lori, na kwenye lori hilo amefunga kigari cheupe chenye paa la turubai na kiti kimoja kirefu, sikushangilia kama majirani. Niliuliza mwenye nacho ni nani, na kwa nini amekubali kuachana nacho.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Tulikuwa tumetoka kwenye foleni za sabuni, na ghafla mpaka ukawa kama mlango usio na komeo. Zikaingia redio, mitumba, baiskeli, majokofu yasiyo na milango. Kila kitu kilikuwa cha mtu aliyekwisha kukichoka. Kigari kile kilitoka kwenye kilabu cha mashamba ya chai, upande wa kusini kabisa wa Malawi, ambako wakubwa walikipanda kwenda kupiga mpira mdogo kwa fimbo na kuufuata tena ulikoangukia. Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa kuvuka mpaka, ana ndugu huko na huko, na alikuwa na udhaifu wa kununua kitu kwanza na kukitafutia kazi baadaye.

Safari hii kazi ilikuwepo.

"Kinatumia petroli?" nilimuuliza.

"Hakinywi petroli. Kinakunywa maji."

"Gari la kunywa maji?"

"Betri ndizo zinazokunywa. Utaona."

Kilinunuliwa kwa ajili ya baba yake. Mzee alikuwa amepigwa kiharusi, mguu wa kushoto umekufa, wa kulia mzima. Kula alikula, uani alijikokota akishika kuta, kusema alisema, tena kwa ukali uleule. Shida yake ilikuwa misiba. Sisi Wanyakyusa hatuna mzaha na msiba. Unaacha jembe mpungani, unafunga duka, unakwenda. Asiyefika leo, watu husema anaumwa. Asipofika tena, huuliza anaumwa nini. Akiendelea kukosa, huanza kukumbuka aligombana na nani, na hapo ugonjwa wake haumsaidii kitu. Na baba mkwe wangu alikuwa amegombana na watu wengi, hasa juu ya mipaka ya majaruba ya mpunga. Walijaribu kumbeba kwa baiskeli akaangushwa kwenye mfereji. Tangu hapo akawa anakaa nyumbani huku wenzake wakizikwa, na maneno ya uchawi yakaanza kupita kwenye migomba. Tulikuwa tunaogopa siku moja yataingia ndani.

Sasa hapa lazima nieleze jambo ambalo vijana wa siku hizi wanalicheka. Mimi na baba mkwe hatukuwahi kutazamana. Kwa Kinyakyusa tunaita ukutila, yaani kuogopa: mke wa mtoto hamwoni mkwewe, hasemi naye, hapiti anapopita, hatamki hata maneno yanayofanana na jina lake. Akikohoa langoni, mimi nazunguka nyuma ya nyumba. Tukikutana njiani, naingia mpungani na kuinama mpaka apite. Wengine walikuwa wamelegeza kamba kwa sababu ya kanisa, lakini mzee wangu hakulegeza, na mimi nilikuwa nimefundwa na mama asiyejua kulegeza. Mama mkwe alikuwa amekwisha kufa. Nikitaka kumwambia mzee neno, nilimtuma dada yake, shangazi wa mume wangu, mama mmoja wa mdomo mwepesi aliyeishi nasi uani. Ukimpa neno moja lilifika likiwa na wajukuu.

Kabla ya kurudi safarini, mume wangu aliniita chini ya kibanda tulikokiweka kigari, mzee akiwa amelala baada ya chakula. Akainua kiti. Chini yake zilipangwa betri sita, nyeusi, nzito, kila moja na vizibo vyake. Akafungua kimoja nichungulie.

"Hizo bamba unazoziona humo ndani zisikauke. Maji yazifunike tu, yasipande mpaka shingoni. Yakipanda, kigari kikienda kuchajiwa yatachemka na kumwagika. Ukikuta yamezidi, nyonya utoe." Akanipa bomba la sindano la kioo, kubwa, la kuchomea ng'ombe. "Maji yawe ya mvua, uyakinge kwenye beseni mahali wazi, siyo ya paa na siyo ya kisima. Na mzee usimsumbue kwa hili. Ni kazi yako wewe."

Maji ya mvua Kyela hayatafutwi, yanakukuta. Nikakubali.

Mwanzoni kilikuwa raha kukiona, kwa mbali. Mzee alikanyaga kwa ule mguu wake mzima, kofia kichwani, akapita barabara ya Kyela bila sauti wala moshi. Alikuwa anawatokea watu kama paka. Wanawake walioshtuka njiani na ndoo zao walimtukana kwanza, wakamwamkia baadaye. Alikwenda mjini asubuhi, akakiacha kichajiwe kwenye mashine ya kukobolea mpunga, akakaa na wazee wenzake hadi jioni. Alizika watu. Alirudi amevimba kwa furaha, nasikia akimhadithia dada yake nani alilia kweli na nani alilia kwa mdomo. Maneno ya kwenye migomba yakabadilika, yakawa juu ya kigari: kinakwenda kwa dawa gani? Hayo hayakutuumiza.

Kisha siku moja nikainua kiti, nikafungua kizibo, nikakuta maji yamefika shingoni.

Sikuwa nimeyatia mimi. Nikafungua cha pili, cha tatu, vyote vimejaa pomoni. Nikasimama pale na kizibo mkononi. Nani? Nikachukua bomba langu, nikanyonya mpaka yaliposhuka kwenye kiasi nilichoonyeshwa, nikaenda kumwaga kwenye jalala la majivu. Majivu yakachemka na kutoa povu. Juma lililofuata nikakuta yamejaa tena. Nikanyonya tena. Yakajaa tena.

Nikaanza kuwapima watu mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa kijana wa mashine ya mpunga. Nilisikia watu wa namna hiyo huiba tindikali na kuuzia mafundi. Lakini anayeiba hupunguza, hajazi. Jirani wa upande wa kakao alikuwa na mpaka na mzee, na mpaka huo ulikuwa haujatulia. Halafu shangazi. Shangazi hakukipenda kigari. Alisema kaka yake amekuwa mtu wa kutangatanga, na tena kilipokuja yeye hakuwa na mtu wa kumuuguza. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, na nikamwekea jicho. Akipita karibu na kibanda, nami napita. Akienda kujisaidia, nami nahesabu amekawia kiasi gani. Nilikuwa nimechukia kwelikweli. Nilijua kigari kile kikifa, yatakayosemwa juu ya mzee yatatulaza macho sote, mpaka wanangu ambao walikuwa bado kuzaliwa.

Nikatega. Nikapaka unga wa muhogo juu ya vizibo, kidogo tu, kama vumbi. Kesho yake niliporudi kutoka mpungani unga ulikuwa umefutwa kwa kitambaa, vizuri kabisa, na maji yako shingoni. Adui msafi! Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Na juma lililofuata nikakuta kitu ambacho mpaka leo sijakisahau. Kila kizibo kilikuwa kimezungushiwa ukambaa wa mgomba, ukambaa mwembamba, umefungwa fundo. Fundo juu ya fundo, betri zote sita. Sikuugusa ukambaa ule kwa mkono. Niliutoa kwa kijiti, nikaumwagia mafuta ya taa, nikauchoma huku nikisali kwa sauti. Shangazi akatoka jikoni kuuliza nachoma nini. "Uchafu," nikamjibu, na nikamwangalia usoni aone kwamba najua. Akarudi ndani bila neno, nami nikaona hiyo ni dalili.

Kigari kikaanza kudhoofika. Zamani kilifika Kyela na kurudi na bado kina pumzi. Sasa kilifika darajani kikaanza kuvuta miguu. Vichwa vya betri viliota unga mweupe na wa kijani, na nyasi za chini ya kibanda zikaungua. Msiba mmoja mzee hakufika kabisa. Alikutwa amekwama njiani, akasukumwa kurudi na wapita njia. Jioni ile alipiga kelele mpaka nikamsikia nyumbani kwangu. Alisema kuna mwizi humu uani. Nikafurahi kusikia kwamba hata yeye ameshtuka, ingawa nilijiuliza kwa nini anasema mwizi.

Mume wangu aliporudi aliuza mpunga tuliouweka, tukaenda wote mjini kwenye duka la betri. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alikuja na biashara kutoka pwani, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kiasi kwamba nilihisi lazima kinaficha kitu. Mimi nilitaka zibadilishwe mbili tu zilizokuwa mbovu kabisa.

"Mama, zote," akasema. "Ukichanganya kuukuu na mpya, kuukuu zitazinyonya mpya. Baada ya muda mfupi utakuwa na kuukuu sita."

"Au wewe utakuwa umeuza sita."

Mume wangu akanikanyaga mguu. Tukachukua sita. Nyumbani tukaosha sanduku la betri kwa maji ya magadi mpaka likaacha kutoa povu, tukafunga mpya, tukapaka vichwa grisi. Mume wangu akanikumbusha maneno yaleyale, ya maji kutozidi. Nikamweleza juu ya mafundo. Akacheka, akasema mimi na baba yake tungefaa kuwa askari wa upelelezi. Sikuelewa kwa nini anamtaja baba yake. Kesho yake akavuka mpaka.

Na maji yakajaa tena.

Safari hii nilifungua betri moja nikaifunga kwenye baiskeli, mzee akiwa amelala, nikaipeleka mwenyewe kwa yule mwenye duka. Akachukua kioo cha kupimia nguvu ya tindikali, chenye boya dogo linaloelea ndani, akafyonza, akakiinua kwenye mwanga. Boya likazama.

"Hii imeoshwa, mama. Nguvu yote imetoka. Yamebaki maji ya kuoshea mchele."

"Nilijua," nikasema.

"Nani anayezitunza?"

"Mimi."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akanitazama kwa namna ambayo sikuipenda, akaniongezea tindikali kidogo na kunifungia betri. Njia nzima nilikuwa nawaza kwamba huyu naye ni wa kuchunguzwa.

Masika yakiwa yameshika ndipo ikaja habari kutoka Njisi. Amekufa rika la baba mkwe, mtu waliyekua pamoja, wakachunga pamoja, na wakaja kugombea jaruba moja mpaka wakafikishana kwa wazee na kuapizana mbele ya watu. Alikuwa haumwi. Alilala mzima. Shangazi alipoleta habari hiyo uani hakuongeza hata neno, na hapo ndipo nilipoogopa.

Kwa kuwa kila mtu alijua. Asipofika mazishi ya huyu, hakuna atakayesema anaumwa.

Mzee alikuwa amechaji jana yake. Asubuhi akaondoka, shangazi akatangulia kwa gari la watu. Mimi nilijitwika kapu la mchele wa msiba, nikangoja kigari kipotee kwenye kona, nikafuata kwa miguu, nyuma sana, kama ilivyonipasa. Mvua ikaanza. Ilikuwa ile mvua yetu isiyo na haraka, inayojua itakaa. Njia ilikuwa tupu, watu wote wamekwisha kwenda.

Kabla ya kufika Njisi nikakiona. Kimesimama katikati ya njia, paa la turubai linavuja, kofia haijageuka.

Nikaingia mpungani, nikainama, nikangoja. Mwili wangu ulifanya hivyo kabla sijauamuru. Nikangoja apite mtu. Hakupita mtu. Mbali, kule mbele, nikasikia ngoma za msiba, na vilio vinapanda namna vinavyopanda jeneza likitolewa nje. Nikamwona anakanyaga, anakanyaga. Kigari kikatikisika kidogo na kunyamaza. Halafu nikamwona anashusha ule mguu mzima chini kwenye tope, anajaribu kusimama, anaanguka tena kwenye kiti. Nikalia. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia aliyetufanyia hivi, yeyote awaye, kwa hasira ambayo sijapata kuwa nayo tena.

Nikalipakia kapu nyuma ya kigari. Nikainama, nikaweka mikono chini ya paa, macho yangu kwenye vidole vyangu, nikasukuma. Kikasogea.

Mgongo wake ukakakamaa. Alijua. Watu wa nyumba moja hujuana hata kwa pumzi. Tukaenda hatua kadhaa hivyo. Kisha akasema, uso mbele, kwa sauti ya mtu anayezungumza na usukani:

"Gwe, wewe kigari. Nani anakuibia tindikali?"

Kumjibu ilikuwa mwiko. Lakini hakuwa ameniuliza mimi. Nikainamisha kichwa zaidi.

"Kigari," nikasema, "mwambie anayeuliza kwamba hakuna anayeiba. Kuna mchawi anakumwagia maji mpaka shingoni. Mimi kila juma nayatoa."

Mvua ikapiga turubai.

"Unayatoa?"

"Kigari, mwambie ndiyo. Kwa bomba. Niliagizwa hivyo na mume wangu."

Nikasukuma, nikidhani nimemkosea na hatasema tena.

"Kigari," akasema, "mwambie kwamba huyo mchawi ni mimi. Mwanangu aliniambia nisimwachie mwanamke kazi hii ataungua. Akaniambia yasipungue, nijaze. Kila juma nakuta yamepungua. Nimejaza. Nimefuta unga wa mwizi. Nimefunga ukambaa nione kama mwizi atafungua."

"Niliuchoma," nikasema, na nikasahau kukitaja kigari.

Hakunikemea. Nilisikia kitu kifuani mwake, nikadhani ni kikohozi, kumbe anacheka, na kucheka huko hakukuwa na furaha hata chembe. Mtu mmoja alikuwa amemwambia kila mmoja wetu neno alilopenda kulisikia, akavuka mpaka. Sisi wawili, kwa heshima zetu, mimi nikinyonya tindikali na yeye akijaza maji, tukaziua betri mara mbili. Nilitamani mume wangu awepo pale kwenye tope nimsukumie chini ya magurudumu.

"Kigari," akasema mzee baada ya muda, "mwambie apumzike. Betri zikitulia zinapata pumzi kidogo."

Nikapumzika. Akakanyaga, kikaenda chenyewe kipande kidogo, kikachoka. Nikasukuma. Hivyo hivyo, mpaka migomba ya msibani ikaonekana na watu wamejaa hadi njiani.

"Sasa arudi," akasema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kigari, mwambie arudi. Watamwona. Itasemwa kila mahali kwamba mke wa mwanangu hana adabu. Mimi nitatambaa."

Nilimtazama mguu wake uliokufa. Huo niliuona, sikuyaficha macho. Nikasukuma.

Watu wakapisha. Hakuna aliyesalimia. Niliona miguu tu, kwa kuwa sikuinua uso: miguu mitupu, yenye tope, inarudi nyuma kushoto na kulia, na minong'ono inaifuata. Wanawake wa ukoo wetu walishika midomo. Nikamsikia shangazi akisema jina langu kwa hofu. Kaburi lilikuwa wazi, bado. Nikasimama.

Mdogo wake marehemu akaja mbele ya kigari. Miguu yake niliiona imekaa imara, ya mtu aliyekuja kuzuia.

"Tulisema hutakuja," akasema.

"Nimekuja."

"Tumekuona." Kila mtu pale alinijua mimi ni mke wa nani, na yeye, tuliyepakana naye mpungani, alinijua vizuri kuliko wengi. Akauliza kwa sauti ya kusikiwa na wote: "Na huyu anayekusukuma ni nani?"

Baba mkwe wangu alikuwa anatazama kaburi. Kofia yake haikusogea.

"Sijui," akasema. "Sijageuka."